Talaka ya kukubaliana bila wakili Tanzania Bara, kuanzia barazani mpaka hukumu mkononi

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Dada, sisi hatugombani, tumekaa tumeongea tumekubaliana kila mtu ashike njia yake, sasa tukaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, si inatosha?" Haitoshi jamani. Ile karatasi ya mwenyekiti hata igongwe mihuri mitano haivunji ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 12, inasema ndoa ipo mpaka kifo, au mahakama iibatilishe, au mahakama itoe talaka (kuna na mambo ya mtu aliyepotea akahesabiwa amekufa na talaka za nje ya nchi, hayo tuyaache leo). Kwa hiyo mnaweza mkawa mmeachana mwaka wa sita huu, kila mtu na kwake, halafu mwenzio akafariki na wewe kisheria ndo mjane, unaitwa kwenye mirathi, na yule aliyemuuguza anakuangalia kama mwizi. Au unataka kufunga ndoa nyingine bomani, tangazo la siku 21 linabandikwa, mtu anapita anasoma anaenda kuweka pingamizi kwamba huyu bado ana ndoa yake. Aibu ya bure.

Yangu niliifanya mwenyewe bila wakili, ikachukua muda kuliko ilivyotakiwa kwa sababu ya kosa moja la kijinga nitakalolisema huko mbele, na toka hapo nimesindikiza ndugu na majirani kadhaa kwenye hizi hizi ofisi. Ninachokiona kila mara ni kwamba watu wanaogopa mahakama wakati mahakamani ndo kwepesi. Wanapoanguka ni barazani, yaani kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kabla hawajafika hata kwa karani.

Na haya yote ni ya Bara. Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haifanyi kazi, Waislamu wa kule wanaenda Mahakama ya Kadhi, utaratibu wao ni mwingine kabisa.

Kwanza elewa "tumekubaliana" inakusaidia wapi na haikusaidii wapi

Kwetu hakuna talaka inayotolewa kwa sababu tu wawili mmekubaliana. Hakimu lazima aridhike kwamba ndoa imevunjika na hairekebishiki. Msipogombana mnaokoa muda, mali zinagawanywa kwa amani na shahidi wa upande wa pili hakuchafui, lakini ushahidi bado unatakiwa. Kuna mtu nilimsindikiza, hakimu akamuuliza kwa nini unataka talaka akajibu "tumeamua tu mheshimiwa", basi hakimu akamwangalia muda mrefu sana.

Kifungu cha 107 kinataja vitu ambavyo mahakama inaweza kuvichukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika: ugoni (kutoka nje ya ndoa), ukatili (wa mwili au wa kumtesa mtu akili), kutelekezwa kwa makusudi, mwenzi kuhama na kukuacha angalau miaka mitatu, kutengana kwa hiari angalau miaka mitatu, kifungo cha maisha au cha miaka mitano na zaidi, ugonjwa wa akili usiotibika, na mengine. Kwa watu wasiogombana hiyo ya kutengana kwa hiari miaka mitatu ndo njia safi kuliko zote maana hamna haja ya kuvuana nguo mbele za watu, mnasema tu tuliacha kuishi pamoja toka mwezi fulani mwaka fulani, mimi nikahamia kule yeye akabaki huku, shahidi ni jirani au ndugu. Kama hamjafikisha miaka mitatu basi itabidi useme ukweli wa kilichovunja ndoa, hata kwa ufupi.

Halafu angalieni nani anafungua. Mahakama inatakiwa ikatae ombi ambalo limesimama juu ya makosa ya mwombaji mwenyewe peke yake, isipokuwa kama kuna sababu maalumu. Yaani wewe ndo uliyetoka nje ya ndoa halafu unaenda mahakamani na hoja moja tu kwamba nilitoka nje ya ndoa kwa hiyo nipeni talaka, haiendi. Kama ndo hali yenu, aliyekosewa ndo afungue.

Kingine cha kuhakiki kabla hujapoteza nauli: ndoa imetimiza miaka miwili? Kabla ya miaka miwili huruhusiwi kuomba talaka mpaka upate ruhusa ya mahakama kwanza, na ruhusa yenyewe ni kwa shida kubwa isiyo ya kawaida. Na uwe na makazi ya kudumu hapa nchini au uwe umeishi hapa angalau mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua, hii inawahusu zaidi waliooana na wageni au wanaoishi nje.

Wasio na cheti cha ndoa msikate tamaa. Mkiwa mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinawachukulia kama mlioana, ingawa mtu anaweza kuleta ushahidi kupinga. Hapo mahakama inaweza kuamua mali, matunzo na watoto, ila jiandae na mashahidi wa kusema mliishi vipi.

Kaeni mezani kabla ya kwenda popote

Hii watu wanairuka, na ndo inayogeuza kesi ya wiki chache kuwa ya miaka. Kaeni mkiwa na daftari, andikeni watoto watakaa na nani, mwingine atawaona lini, ada na bima na chakula nani anatoa kiasi gani na kwa njia gani. Kuweni wakweli kwenye namba. Ukiandika laki tano kwa mwezi wakati mshahara ni laki saba utarudi mahakamani mwenyewe kuomba ipunguzwe.

Kuhusu watoto mjue kitu kimoja, makubaliano yenu hayamfungi hakimu, yeye anaangalia maslahi ya mtoto. Kwa mtoto chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba akae na mama, dhana inayoweza kupingwa kwa sababu za msingi. Mkikubaliana tofauti na hapo elezeni kwa nini, mfano mama anafanya kazi mkoa mwingine na bibi mzaa baba ndo aliyewalea toka wadogo.

Mali sasa. Orodhesheni zilizochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za wote wawili: kiwanja kipo mtaa gani, nyumba ina vyumba vingapi, bajaji namba gani, duka, mifugo, na madeni pia, madeni msiyaache kwa sababu mahakama inayaangalia. Na hapa nawaambia wanaume waliozoea kusema "yeye alikuwa nyumbani tu": toka kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani na kulea zinahesabika kama mchango kwenye mali. Kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa fedha, wa mali na wa kazi. Kwa hiyo dada usisaini makubaliano ya kuondoka na masufuria na godoro kwa sababu umeambiwa hukuchangia.

Mkishamaliza andikeni kwa usafi, kila mmoja asaini kila ukurasa, na mashahidi wawili. Hiyo karatasi peke yake haivunji ndoa lakini itaambatanishwa, na itawaokoa.

Kama unapigwa, unatishiwa, au unaogopa kukaa naye meza moja, basi hii sio talaka ya kukubaliana na usijilazimishe. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi na utafute msaada wa kisheria.

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, hapa ndo penyewe

Kifungu cha 101: hufungui ombi la talaka mpaka mgogoro uwe umepelekwa barazani na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Hata kama mnapendana kama marafiki. Wapo wanaosamehewa, kwa mfano mwenzi amekuacha na hujui alipo, au anaishi nje ya Tanzania na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, au ameitwa barazani akakataa makusudi kwenda, au amefungwa miaka mitano na zaidi, au mahakama imeona kuna mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Nje ya hapo unapita barazani.

Baraza lipi? La kata anakoishi mume, na kama mume yuko nje ya nchi basi la kata anakoishi mke. Kama wote ni wa jumuiya moja ambayo ina baraza lake, mfano ya kidini, mnaweza kwenda huko, Waislamu wengi wanapita BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na makanisa mengine nayo yana mabaraza. Ofisi za ustawi wa jamii nazo zinashughulikia. Cha muhimu uliza mapema kabisa, tena kwa upole: je nyinyi ni baraza linalotambulika kwa kazi hii na mnatoa Fomu Namba 3, yaani cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana? Maana kikao cha wazee wa ukoo au cha mchungaji wa mtaani sio baraza.

Nendeni wote wawili. Baraza kazi yake ni kusuluhisha kwa hiyo msiende mkisema tumekuja kuchukua karatasi tu, watawaona mnawadharau na pengine watawapangia tarehe tatu nne. Waelezeni historia, waacheni wajaribu, kila mtu aseme msimamo wake. Kwetu mzee mmoja alitusimulia ndoa yake mwenyewe saa nzima, tukamsikiliza, hatukurudiana lakini kiukweli nililia.

Wakishindwa kuwapatanisha watatoa cheti ambacho kipo kwenye fomu maalumu ya kanuni za mabaraza za mwaka 1971, ndo hiyo Fomu Namba 3. Usiondoke nayo bila kuisoma pale pale. Angalia majina yenu kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa na vitambulisho. Angalia kama imesema wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha, sio "tumewaruhusu kuachana" wala "tumegawa mali hivi na hivi", kwa sababu baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa mali. Angalia tarehe, sahihi na muhuri. Baraza halali lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, sasa ukisikilizwa na mwenyekiti peke yake ofisini kwake huku anakula chipsi ujue umejitengenezea shimo. Na mwenzio awe ameitwa na kusikilizwa, kusikiliza upande mmoja bila mwingine kuitwa ni kasoro. Hizi sio ndogo, Mahakama ya Rufani imeshafuta mwenendo mzima wa kesi za talaka zilizopita mahakama zote za chini, watu wakarudi mwanzo kabisa, kwa sababu tu ya kukosa cheti halali cha baraza.

Sasa kosa langu. Cheti kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua ombi. Changu kilitoka mwezi wa tatu, mwenzangu akapata safari ya kikazi, nikasema nimsubiri tufungue kwa heshima wote tukiwepo, mara shule zimefungua, mara sina hela, nimefika mahakamani mwezi wa kumi nimevaa vizuri na bahasha yangu. Karani kaangalia tarehe, kanirudishia. Nikarudi barazani kuanza upya, na yule mzee kanikumbuka kanisimulia ndoa yake tena.

Kuandika ombi lenyewe

Mamlaka ya kusikiliza talaka zinayo Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Kwa mtu asiye na wakili na asiyegombana na mwenzake mimi nasema Mwanzo. Kila kitu Kiswahili, ipo karibu, gharama ndogo, na makarani wamezoea watu wasiojua sheria. Dar es Salaam pale Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mahakama ambacho kinashughulikia mambo ya familia tu, ndoa na mirathi.

Ombi lisiwe riwaya. Kifungu cha 106 kimetaja vinavyotakiwa: ndoa ilifungwa lini na wapi na kwa aina gani, majina, umri na jinsia ya watoto, kwa nini mahakama hii ina mamlaka (unaishi wapi), kama mmewahi kuwa na kesi nyingine ya ndoa, mambo yanayoonyesha ndoa imevunjika, makosa yako mwenyewe kama yapo, mlichokubaliana kuhusu matunzo na mali, au unachopendekeza kama hamjakubaliana, na mwisho unachoomba. Mfano wa sehemu ya katikati unaweza kuwa hivi:

"4. Kwamba mwombaji na mjibu maombi waliacha kuishi pamoja kwa hiari yao tangu mwezi Januari 2021, mwombaji akihamia Kibaha na mjibu maombi akibaki Mbagala, na hawajawahi kurudiana mpaka leo.
5. Kwamba shauri lilifikishwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la Kata na baraza lilishindwa kuwasuluhisha. Cheti kimeambatanishwa kama kielelezo A.
6. Kwamba wahusika wamekubaliana kuhusu malezi, matunzo ya watoto na mgawanyo wa mali kama inavyoonekana kwenye kielelezo B."

Halafu maombi: ndoa ivunjwe na talaka itolewe, malezi yawe hivi, matunzo hivi, mali zigawanywe kama kielelezo B. Usisahau kuomba kitu unachokitaka, ukitaka matunzo ya mtoto yaandike.

Viambatanisho: cheti cha ndoa, Fomu Namba 3, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, makubaliano, nyaraka za mali (hati au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, kadi ya chombo). Toa fotokopi seti tatu, moja ya mahakama, moja ya mwenzio, moja yako, na siku ya kusikilizwa uje na orijino zote.

Ukikwama kuandika watafute wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na msaada wao ni wa bure. Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC nayo yamesaidia watu wengi kwenye hili. Wale wanaokaa na mashine ya chapa chini ya mwembe nje ya mahakama wengine ni wazuri, wengine wanakopi ombi la mtu mwingine wanabadili majina, nimeshaona ombi la mtu asiye na mtoto limeomba matunzo ya watoto wanne.

Kufungua na siku ya kusikilizwa

Karani anapitia, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, risiti unaitunza. Usimpe mtu hela mkononi. Kama huna uwezo kabisa mwambie karani unataka kuomba msamaha wa ada. Baada ya hapo mahakama inatoa wito kwa mwenzio. Hata kama mmekubaliana lazima apokee samansi na asaini, kwa hiyo mwambie asiikimbie kwa woga, wanaume wengi wakiona karatasi ya mahakama wanahisi wameshtakiwa wanapotea wiki mbili. Asipofika kabisa baada ya kuitwa ipasavyo shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, ila linachukua muda zaidi.

Siku yenyewe fika mapema, zima simu, hakimu unamwita mheshimiwa. Unaapa, unaeleza kwa maneno yako: tulioana lini, tumezaa wangapi, nini kilitokea, tuliachana lini, tumepita baraza lipi. Unaomba nyaraka zako zipokelewe kama vielelezo, hilo usilisahau kwa sababu karatasi iliyokaa tu kwenye faili bila kupokelewa inaweza isihesabike kama ushahidi. Halafu mwenzio anaulizwa, anasema anakubali au anapinga nini. Uwe na shahidi angalau mmoja anayeijua ndoa yenu, sio shoga yako uliyekutana naye mwaka jana. Hakimu anaweza kuuliza maswali ambayo mlidhani hayahusu, kama watoto wanasoma wapi, nani anawapeleka hospitali, mbona nyumba yote imeandikwa kwa mmoja. Jibuni kwa ufupi na kwa ukweli.

Waislamu na Wakristo, neno fupi

Kaka umetamka talaka tatu sebuleni, sheria ya nchi haijamaliza hapo. Kifungu cha 107(3) kinasema kama ndoa ni ya Kiislamu, baraza limeshindwa kuwasuluhisha, na baada ya hapo mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama itatoa talaka. Ona mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye, halafu mahakama. Wanaogeuza wanaanza na talaka ndo wanaohangaika.

Wakatoliki, hukumu ya mahakama inawatenganisha kiserikali, kanisani ni habari nyingine, mkitaka kufunga ndoa tena altareni mtaongea na paroko.

Ukishapata hukumu

Omba nakala ya hukumu na hati ya talaka zilizothibitishwa kwa muhuri wa mahakama, zaidi ya moja, maana kila ofisi itataka yake. Kabla hujapanga harusi muulize karani muda wa rufaa unaisha lini. Kisha peleka talaka ikasajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, watu wengi wanaacha hapa na miaka mitano baadaye wanahangaika kutafuta faili. Viwanja na nyumba vibadilishwe majina kama mlivyogawana, kadi ya gari au bajaji vilevile, usiseme tutafanya baadaye, mtu akifariki kabla hujabadili utaingia kwenye mirathi yake na ndugu ambao hawakuwepo siku mnakubaliana. Kama ulichukua jina la mume shughulikia NIDA na pasipoti. Na nenda kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii, benki, na kazini kuangalia ni jina la nani limeandikwa kama mtegemezi au mrithi, mimi kwangu nilikuta bado lipo jina lake mwaka mzima baada ya hukumu.